Meza ya rauta ya kutoa na kurudisha kwenye kombaini: ipi ikufae?

Tuelewane majina kwanza. Kombaini ninayoisema hapa haivuni ngano, na rauta haihusiani na intaneti. Kombaini ni ile mashine moja ya seremala yenye randa juu, randa ya unene chini yake, msumeno wa duara ubavuni na chaki (kishikio cha kisu kinachozunguka) ya kutobolea matundu ya tenoni, ule ulimi wa kuungia mbao, vyote vikizungushwa na mota moja. Rauta ni ile ya mkononi, ya kuchora kingo na kuchimba mifuo, ile mifereji myembamba ya kuingizia paneli. Ukiigeuza kichwa chini ukaifunga chini ya meza, biti (kisu chake kinachozunguka) ikachungulia juu, umepata mashine nyingine kabisa: rauta imetulia, ubao ndio unaotembea.

Wengi tumenunua kombaini kwa sababu ya nafasi. Fremu, yaani chumba tunachopanga cha kufanyia kazi, ni ya mita tatu kwa nne, mbao zimeegemea ukuta, na kuna mlango uliokwisha tangu mwezi uliopita unamngoja mwenyewe aje na salio. Meza ya rauta yenye miguu yake hapo ni kitu cha kujikwaa tu. Ndipo linapokuja wazo la kuipachika kwenye kombaini, iwe ya kutoa ukimaliza.

Nimetumia njia nne, mbili kwangu na mbili kwenye mashine za majirani. Zile za kupachika zote zinatoka kirahisi, hilo halina mjadala. Hata mtoto anaweza kufungua nati nne. Mtihani ni kurudisha. Meza ikirudi imepanda nusu milimita, mfuo wa ubao wa saba haulingani na wa sita, na paneli inakataa kuingia mlango ukiwa tayari na gundi. Kwa hiyo nitazilinganisha zote kwa swali hilo: ikitoka ikarudi, inakaa palepale?

Kabla ya meza: chaki ya kombaini yenyewe

Kila fundi mwenye kombaini amewahi kujiuliza, na wengine wamejaribu: si nifunge biti ya rauta kwenye chaki ya kutobolea, nipige kingo hapohapo? Hesabu inakataa. Biti ya kipenyo cha milimita 12 kwenye rauta inayozunguka mara 22,000 kwa dakika, makali yake yanapita kwenye ubao kwa karibu mita 14 kwa sekunde. Ihamishie kwenye shafti ya mizunguko 4,000, unabaki na mita 2.5. Haikati, inang'oa. Kichwa cha randa kinafanya kazi safi kwa mizunguko hiyohiyo kwa kuwa ni kinene: cha kipenyo cha milimita 75 makali yake yanapita kwa karibu mita 16 kwa sekunde. Biti nyembamba haina unene wa kuisaidia, inategemea mizunguko tu.

Kama kombaini yako ni kubwa, ina spindo ya kusimama (shafti wima) na visu vyake, basi kazi nzito za moldingi tayari unazo. Meza ya rauta itakusaidia kwa biti ndogo tu, na pengine hata haina haja. Wewe unaweza kuishia hapa.

Kupachika bamba ndani ya meza ya msumeno

Hii ndiyo inayopendeza kuliko zote kwa macho. Unakata tundu kwenye meza, unaweka bamba la alumini la kama milimita 235 kwa 298 (kipimo ambacho mabamba mengi ya dukani hukikaribia), rauta inaning'inia humo. Ukimaliza unalinyanyua bamba na rauta yake, unafunika tundu kwa bamba lingine tupu. Hakuna nafasi iliyoongezeka hata inchi moja, na fensi ya msumeno, ile ya kuegemezea ubao unapousukuma, unaitumia kwa kazi zote mbili.

Kwa kurudi palepale, hii ni ya kwanza. Bamba limekaa kwenye ukingo uliochongwa kwa kipimo chake, halina pa kwenda. Biti ukiiacha imefungwa na urefu umekazwa, unaweza kulitoa asubuhi na kulirudisha jioni, na mfuo ukawa uleule.

Tatizo ni hilo tundu lenyewe. Meza ya msumeno kwenye kombaini ndogo mara nyingi ni chuma cha kusubu, na chini yake kuna mbavu zinazoishikilia isipinde. Ukikata mbavu umeiua. Chuma cha kusubu kikikatwa vibaya kinapasuka, na kukichomelea hakuna fundi atakayekupa dhamana. Halafu ukipima chini utakuta nafasi yenyewe imeliwa na mkanda, kinga ya msumeno na njia ya vumbi. Rauta kubwa inataka kama sentimita 30 za kwenda chini.

Penye njia ni kwenye bawa la kuongezea meza, lile la bati au alumini linalofungwa kwa bolti pembeni. Hilo unalifungua zima, unalihifadhi juu ya dari, na mahali pake unaweka bawa la plaiwudi lenye tundu la bamba. Siku ukiuza mashine unarudisha la kiwandani. Lakini angalia kama mashine yako ina bawa la kweli, maana nyingi zinazoletwa kwetu zina meza fupi isiyo na bawa lolote, na hapo njia hii imefungwa.

Kuning'iniza ubavuni

Hii ndiyo ninayoitumia, kwa hiyo nitaisema kwa urefu, na upendeleo wangu uujue mapema.

Mwili wa kombaini unafungiwa vipande viwili vya engo (chuma cha pembe) ya milimita 40, kwa kutumia matundu ambayo tayari yapo kwenye fremu ya mashine. Usitoboe mapya kabla ya kuyatafuta ya zamani. Mara nyingi yapo, yamezibwa na rangi. Kwenye kila engo mchomeleaji anasimamisha pini ya nondo laini ya milimita 12. Meza ina matundu mawili chini yake, inashuka juu ya pini. Upande wa mbali inashikwa na mguu mmoja tu wenye bolti ya kupandisha na kushusha.

Mguu mmoja, si miwili. Mara ya kwanza niliweka miwili nikidhani ndiyo imara zaidi, nikawa kila ninapoirudisha natafuta kipande cha katoni cha kusukumia chini ya mguu unaocheza. Sakafu ya fremu haiko sawa na haitakuwa sawa. Pointi tatu hazitikisiki hata kwenye udongo. Kila aliyepika kwa mafiga anajua hilo, sijui mimi nilikuwa nafikiria nini. Nilikata mguu mmoja, niliobaki nikauhamishia katikati, na katoni zikaisha.

Meza yenyewe ni plaiwudi ya bahari, vipande viwili vya milimita 18 vilivyogundishwa, halafu fomaika juu na chini. Chini pia, usibane matumizi hapo: ukiweka upande mmoja tu, unyevu unaingia upande ulio wazi na meza inapinda kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango. Kwa sisi wa Pwani MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, naiogopa kwa kazi hii. Ikishika unyevu inavimba kingoni, na ukingo wa bamba ndio pa kwanza kuvimba.

Uzito ujue. Meza ya sentimita 50 kwa 60 ya unene huo ina kama kilo 7. Rauta ya Makita RP2301FC, ambayo mafundi wengi wanaitamani, ni kilo 6 na kidogo. Bamba la alumini la milimita 8 ni kilo moja na nusu. Jumla umebeba kilo 15 zenye waya unaoning'inia na biti kali juu. Usiinyanyue nzima. Toa bamba na rauta kwanza, liweke pembeni biti ikitazama juu, ndipo unyanyue meza. Kurudisha, kinyume chake.

Je, inarudi palepale? Karibu. Pini zinairudisha kwa kulia na kushoto bila shaka, na bamba linabaki na biti yake kwa urefu uleule. Kinachoweza kubadilika ni mguu, lakini mguu ukishuka kidogo meza inainama na bamba linainama nayo, kwa hiyo kina cha mfuo hakibadiliki kwa kiasi cha kukusumbua. Kinachosumbua ni kidole cha mtu. Siku moja nilikuwa na milango ya mninga, nimepiga mifuo ya mbao zote za kusimama, kisha ikagundulika ubao mmoja ni mfupi. Ikabidi kutoa meza, kurudi kwenye msumeno na randa, kutoboa matundu, na kurudisha. Kijana wangu akapitisha ule ubao mpya, akaulaza juu ya mwenzake akaukodolea macho.

"Fundi, hii imepanda."

"Imepanda wapi? Bamba si hatujagusa?"

"Nililiweka chini, likalalia ile gurudumu ya kupandishia."

Nusu milimita, kwa jicho huioni, kwa kidole unaisikia. Tangu siku hiyo kila mfuo wa kwanza wa kazi unakatwa pia kwenye kipande cha masalia ya ubao uleule, kinaandikwa jina la mteja kwa penseli na kutundikwa msumarini. Bamba likirudi, biti inapimwa kwa kile kipande: inaingia kwenye mfuo bila kulegea na bila kukwama, ndipo ubao wa mteja unaguswa. Na bamba likitoka halilazwi chini tena. Lina kiti chake, fremu ndogo ya mbao ukutani.

Sasa ubaya wa njia hii. Kwenye kombaini nyingi ndogo, chaki ya kutobolea inatokea upande uleule wa msumeno, na meza yake ya kutobolea inaning'inia palepale unapopataka wewe kwa rauta. Mbili hazikai pamoja. Kwa kazi ya milango hilo linavumilika, kwa kuwa rauta inakuja mwisho: unapasua, unaranda, unaweka unene, unatoboa, unakata tenoni, na mifuo na nakshi ni baada ya yote hayo. Ukitoboa matundu ya milango yote kwanza, unabadilisha mara moja kwa siku. Lakini fundi wa makabati ya jikoni, anayetoboa kidogo na kupiga kingo kidogo, akitoboa tena, atachoka kabla ya adhuhuri na kuirudisha rauta mkononi.

Fensi, watu wanahangaika nayo bure. Biti ni duara, haina mbele wala nyuma, kwa hiyo fensi haihitaji kwenda sambamba na kitu chochote. Kinachotakiwa ni umbali wake kutoka kwenye biti. Chukua ubao mnyoofu, utoboe tundu la bolti mwisho mmoja, uuzungushe kwenye bolti hiyo kama mlango, mwisho wa pili ukaze kwa klampu. Ukitaka kuongeza nusu milimita unaugonga kidogo. Kata upenyo wa biti katikati na nyuma yake funga mdomo wa bomba la vumbi.

Kisanduku juu ya meza ya msumeno

Jirani yangu anatengeneza fremu za picha na viti vidogo, na rauta yake ni trima (rauta ndogo ya kingo) ya biti za shina la milimita 6, ile fupi ya kama sentimita 20. Yeye ametengeneza kisanduku cha plaiwudi kisicho na upande mmoja, kinakaa juu ya meza ya msumeno, msumeno ukiwa umeshushwa chini kabisa. Chini ya kisanduku kuna ulimi wa mninga unaoingia kwenye mfereji wa meza, na klampu mbili. Trima inaning'inia ndani.

Ni njia ya bei rahisi kuliko zote. Inaweza kutoka kwenye mabaki ya mbao na jioni moja. Kurudi palepale ni swali ambalo halimhusu sana, kwa sababu kazi yake ni kuviringisha kingo kwa biti yenye beringi, na beringi inajipima yenyewe kwenye ubao.

Lakini meza ya msumeno ikiwa sentimita 80 kutoka sakafuni, kisanduku kinakupeleka kwenye mita moja na ushee. Kwa kipande kidogo ni raha, unakiona karibu bila kuinama. Kwa ubao wa mita mbili ni mateso, na ni hatari, maana unasukuma ukiwa umeinua mabega. Na trima, hata ikizunguka mara 30,000 kwa dakika kama Makita 3709, ina wati 530 tu. Kwa mninga au mkongo uende milimita moja moja. Kwa paini ya msitu wa Sao Hill itakwenda vizuri hadi utakapokutana na kifundo.

Yenye miguu yake

Siijadili sana kwa sababu haihusiani na kombaini, ila ni lazima iwepo kwenye mizani. Haitolewi wala hairudishwi, swali la palepale halipo. Kama kwenye fremu yako kuna ukuta wenye mita moja tupu, au kibaraza kinachofungika kwa geti usiku, chukua hii na usihangaike na engo na pini. Ya miguu ya kukunja nayo niliijaribu. Inakunjika vizuri, lakini ubao mrefu ukiegemea upande mmoja inataka kukunjika wakati ambao hujaiomba.

Mambo ambayo hayabadiliki kwa njia yoyote

La kwanza ni umeme, na hapa sitanii. Rauta ya mkononi swichi yake ina kitufe cha kuifunga ibaki imewashwa, na isiyo na kitufe mafundi tunaifunga kwa mpira wa tairi. Umeme unakatika katikati ya kazi. Unaenda nje kupunga upepo, unaagiza kahawa, unarudi, unaamua kusafisha vumbi kwenye biti kwa kidole. Umeme unarudi. Kwangu ilitokea nikiwa na brashi mkononi badala ya kidole, na brashi ile sikuipata yote. Nunua swichi ya kuwasha na kuzima ambayo umeme ukikatika inajizima, na haiwaki tena mpaka uibonyeze. Ifunge mbele ya meza mahali goti linapoweza kuifikia. Hiyo iwe ya kwanza kununuliwa, kabla ya bamba.

Pamoja na hilo, kombaini na rauta zitumie soketi moja. Ukitaka rauta unachomoa kombaini. Sababu moja ni mzigo: rauta ya wati 2,100 peke yake inakula karibu ampea 9, na mota ya kombaini inapoanza inavuta mara kadhaa ya kawaida yake. Sababu ya pili ni kwamba huwezi kuwasha msumeno kwa bahati mbaya wakati unainamia meza ya rauta iliyo sentimita chache pembeni yake.

Pili, kasi na ukubwa wa biti. Wateja wanapenda milango ya paneli zenye mteremko, na biti kubwa ya kulala ya milimita 75 inauzwa bila anayekuuliza una rauta gani. Kwenye mizunguko 22,000 makali ya biti hiyo yanapita kwa mita 86 kwa sekunde. Huko ni kutafuta kifo. Inatakiwa kama 10,000, ambapo ni mita 39. Rauta isiyo na kibadilisha kasi haiifai kabisa. Badala yake ipo biti ya kusimama ya aina hiyohiyo, nyembamba, ambayo ubao unapita umesimama kwenye fensi ndefu. Hiyo inapita hata kwenye tundu dogo la bamba.

Na koleti, ile pete ya rauta inayobana shina la biti: milimita 6 si sawa na robo inchi. Robo inchi ni 6.35. Biti ya milimita 6 kwenye koleti ya robo inchi inakaza kidogo, inadanganya, kisha inapanda yenyewe ukiwa kazini. Vilevile 12 na nusu inchi, ambayo ni 12.7. Soma shina la biti kabla ya kulipa.

Kusukuma ni kutoka kulia kwenda kushoto, ubao ukiwa mbele ya biti na fensi nyuma yake. Usiupitishe kamwe katikati ya biti na fensi, utanyakuliwa.

Kwa hiyo ipi?

Mwenye bawa la kufungua, apachike bamba kwenye bawa la plaiwudi, hatajuta. Mwenye mashine isiyo na bawa na kazi yake ni milango, madirisha na fremu za milango, aning'inize ubavuni na apange kazi ili meza ipande mara moja kwa siku. Wa vitu vidogo atosheke na kisanduku na trima, asidanganywe na rauta ya wati 2,000. Wa makabati atafute hiyo mita moja ya ukuta, hata kama ni kwa kumpigia simu yule mteja wa mlango aje auchukue.

Kabla hujaenda kwa mchomeleaji, tafuta boksi la katoni lenye ukubwa wa meza unayoitaka, kama sentimita 50 kwa 60, ulifunge kwa kamba mahali unapopanga kuiweka. Fanya kazi nalo wiki nzima. Kila ukilisogeza ili upate kupita, kutoboa au kupokea ubao unaotoka kwenye randa, piga mstari wa penseli juu yake. Langu la kwanza nililifunga upande wa nyuma, panapotokea mbao za randa ya unene. Siku ya kwanza, kabla ya saa tano, lilikuwa na mistari kumi na moja na tobo la ukubwa wa ngumi.